Faiba inazingua nyumbani? Kagua ukuta wako kwanza ndo upige simu

Wakuu habari za muda huu. Mi ni fundi umeme wa majumbani hapa Mwanza, kazi zangu nyingi ziko Buhongwa, Mkolani, Nyegezi na nikibahatika Capri Point, na siku hizi haipiti wiki sijapigiwa simu na mtu ananiambia fundi faiba imekufa, intaneti hamna. Mi sio mtu wa faiba. Wananipigia kwasababu ndo niliyewafanyia wayaringi ya nyumba, na nikienda kuangalia nakuta mara nyingi wamempigia mtu sahihi, maana tatizo haliko kwenye nguzo, liko ndani, kwenye bomba lililokunjwa vibaya, kwenye waya wa bei chee, au rauta imefungiwa kwenye kabati la TV kama mtoto mtundu. Naandika nilivyozoea kukagua, dalili kwa dalili, na kama bado unajenga usiruke hapo mwanzo maana kurekebisha ukuta ukiwa haujapigwa plasta ni dakika kumi, ukishapakwa rangi ni ugomvi na mke.

Kitu kimoja kwanza. Faiba ni kioo. Huo uzi wenyewe una unene wa maikromita 125 na kile kiini cha katikati kinachopitisha mwanga ni kama 9 tu, unywele wako ni mnene kukizidi mara kadhaa. Humo unapita mwanga, umeme haupiti, ndo maana unaweza kutoka kwa kampuni mpaka kwako hata kilomita 20 bila shida wakati kebo ya kopa ya neti mwisho wake ni mita 100. Mwanga ukifika kwako unaingia kwenye kile kiboksi kinaitwa ONT, hapo unageuzwa kuwa umeme wa neti, na kuanzia hapo ni kopa na waifai. Kwahiyo nyumba yako ina nusu mbili, nusu ya kioo na nusu ya kopa na hewa, na swali la kwanza kabisa la fundi yeyote anayejielewa ni tatizo liko nusu ipi. Jibu linakaa kwenye taa mbili za hicho kiboksi, PON (ya kuunganishwa na kampuni) na LOS (ya mwanga kupotea). PON ikiwaka kijani imetulia na LOS imezimika, nusu ya kioo ni nzima, usiiguse, hangaika na huku ndani. LOS ikiwa nyekundu mwanga haufiki. PON ikiblinki bila kutulia mwanga unafika ila ni hafifu au kifaa hakijasajiliwa upande wa kampuni.

Mafundi wamekuja, wamezunguka nyumba, wameondoka

Hii ndo ya kwanza maana inatokea kabla hata hujaunganishwa. Unalipia, vijana wanakuja na ngazi, wanazunguka, wanapiga picha, wanasema tutarudi. Hawarudi. Wewe unaona wazembe kumbe hawajaona pa kupitishia. Huku kwetu tatizo ni mawe, nyumba za Isamilo, Mabatini, Kirumba kule juu, Igogo, nyumba imekaa juu ya jiwe na jiwe lingine limekaa pembeni, nguzo iko chini barabarani, mtaro huwezi kuchimba labda uwe na baruti. Na kijana wa kampuni halipwi kukutobolea jiwe.

Dawa yake ni kuwaandalia njia wewe mwenyewe. Nje mi natumia lile bomba jeusi la maji, poli paipu, linavumilia jua kuliko yale meupe ya PVC ambayo baada ya miaka miwili yanakuwa kama biskuti. Unalitambaza juu ya jiwe linafuata umbo la jiwe lenyewe, unalibana kwa klipu na skrubu za kutobolea, ukikuta mwanya kati ya mawe unalipitisha humo. Saizi usishuke chini ya milimita 25. Watu wanaweka la 20 wanasema waya wenyewe mwembamba, sawa waya mwembamba ila mara nyingi unakuja umeshafungwa kichwa chake kiwandani, hicho kichwa kina upana karibu milimita 9, kikikutana na kona au na waya mwingine humo ndani kinagoma, kijana anavuta kwa nguvu, kioo kinakatika ndani ya ganda na kwa nje huoni kitu.

Ukutani ni hivyohivyo. Usitumie zile kona kali za elbo, tumia bendi ndefu au lipashe moto bomba ulikunje taratibu, na kati ya boksi na boksi kona zisizidi mbili, zikizidi weka boksi lingine katikati. Alafu acha kamba ndani ya bomba. Kamba ya nailoni, ile ya kufungia mizigo, zifunge ncha zote mbili kwenye msumari zisirudi ndani. Nimeona majumba ya ghorofa yana mabomba mazuri kila chumba na hamna kamba hata moja, na mafundi rangi wameziba midomo kwa plasta, hayo mabomba ni ya kaburini sasa.

Tundu la kuingilia ndani toboa likiwa limeinamia nje ili maji ya mvua yasifuate waya yakaingia sebuleni, na waya kabla haujaingia uache ushuke chini kidogo kama tumbo ndo upande kuingia, matone yatadondokea hapo kwenye tumbo. Ukimaliza ziba na silikoni, maana panya nao wanatafuta nyumba.

Na tafadhali usiipitishe kwenye bomba moja na nyaya za umeme. Najua kioo hakipigwi shoti. Ila waya wa faiba wa kutoka nguzoni una chuma kinachoubeba, ganda likichubuka mle ndani ukagusana na moto wa volti 230, hicho chuma kinakuletea umeme mpaka kwenye mikono ya kijana wa kampuni. Kila kitu na bomba lake.

LOS nyekundu

Sasa umeshaunganishwa, ilikuwa inapiga kazi, leo asubuhi taa nyekundu. Kabla ya yote uliza ndani ya nyumba, nani kasogeza kochi, nani kapiga deki, nani kahamisha meza ya TV. Sitanii. Hapo ndo nakuta nusu ya kesi, waya umebanwa na mguu wa kochi au umepigwa kona ya kitabu ukutani ukafungwa na zile klipu za misumari za kufungia waya wa taa, imegongelewa mpaka ganda limebonyea.

Kioo kikikunjwa sana mwanga unatoka nje ya njia, kama daladala lililokata kona kwa spidi likaacha barabara. Zile nyaya nzuri za ndani za aina ya G.657A2 zinavumilia kukunjwa mpaka nusu kipenyo ya milimita 7.5, yani duara la ukubwa wa sarafu, za A1 ni milimita 10, ila zile za zamani za G.652 zinataka kama milimita 30. We hujui umepewa ipi, kwahiyo chukua kipimo cha kikombe cha chai, usiukunje zaidi ya mzunguko wa kikombe, utakuwa salama kwa waya wowote. Urefu uliobaki usiufunge kama kamba ya kuku, uzungushe duara pana uuweke kwenye boksi lake.

Ukishaunyoosha subiri dakika mbili uangalie taa. Ikirudi kijani umepona. Isiporudi shika kile kichwa cha waya kwenye ONT, uchomoe, urudishe mpaka usikie tik. Rangi yake iangalie pia. Kichwa cha kijani kinaingia kwenye tundu la kijani, cha bluu kwenye bluu, sio urembo huo, uso wa kioo cha kijani umekatwa mshazari wa nyuzi 8 na wa bluu hauna mshazari huo, ukivichanganya vinaingia vizuri tu ila nyuso hazigusani sawasawa, mwanga unapotea njiani. Kuna jamaa wa Nyakato alinunua kamba ya faiba dukani kurefusha, kichwa bluu upande mmoja kijani upande mwingine, akaunga na intaneti ikapatikana, ikawa inakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, wiki nzima anailaumu kampuni.

Ukikichomoa usikiguse kidole mbele, mafuta ya kidole tu yanatosha kuharibu mambo, na wala usikipulize kwa mdomo, unatema mate. Kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti ile kali, unapangusa mara moja upande mmoja, basi. Na usichungulie ndani. Mwanga wa faiba ya nyumbani uko kwenye nanomita 1490 kuja na 1310 kwenda, jicho la binadamu haliuoni kabisa, kwahiyo kusema mbona giza hamna kitu humu sio kipimo, unaliumiza jicho bure. Ile tochi nyekundu wanayokuja nayo mafundi ndo inaonekana, wakiiwasha upande mmoja palipokatika pana-glow nyekundu kwenye ganda, raha sana kuiangalia usiku ila uangalie kwenye ganda tu.

Ikikatika kweli usiunge na soltepu. Nimeona. Mtu kamenya kama waya wa taa, kasokota, kafunga soltepu, anashangaa. Kioo kinaungwa na mashine ya kuyeyusha au kwa kichwa kipya, na vipande vilivyobaki viokote kwa gundi ya soltepu (hapo sasa ndo soltepu ina kazi) maana kimchirizi kile kikiingia kwenye unyayo wa mtoto huwezi kukiona.

Kwa wanaopenda namba, ukiingia kwenye ukurasa wa ONT kuna sehemu inaonyesha nguvu ya mwanga inayopokelewa kwa dBm, ni namba ya hasi. Kati ya -15 na -25 tulia kunywa chai. Ikisogea -27 uko ukingoni, vifaa vingi vya kawaida mwisho wake ni hapohapo. Kila tatu zinazoongezeka ni nusu ya mwanga imepotea, kwahiyo ukitoka -21 kwenda -24 baada ya kuhamisha kabati, kabati hilo limekula nusu ya mwanga wako. Mi nawashauri watu siku ya kuunganishwa tu wapige picha ile namba waihifadhi kwenye simu, siku ikizingua una cha kulinganisha na hata kampuni wakija hawakuzungushi.

Inakata upepo ukivuma au mvua ikianza

Hii ni ya nje. Ule upepo wa jioni unaotoka ziwani unaupiga waya ukiwa umelegea kati ya nguzo na nyumba, unasugua kwenye ncha ya bati, bati linakata ganda taratibu kama msumeno, siku mvua ikija maji yanaingia au kioo kinapinda. Toka nje wakati wa upepo uangalie waya unagusa nini, bati, tawi la mwembe, ukingo wa jiwe. Jiwe la granaiti usilidharau, lile linasaga kama msasa, na watoto wa huku mawe ndo bembea yao. Bati liwekee kipande cha bomba kilichochanwa, waya upite ndani yake. Waya ukivuka barabara ya kuingilia magari ya mchanga uwe juu vya kutosha, lori likiupitia hapo hakuna ushauri tena.

Boksi la nje nalo lifungue uangalie kama limeshikwa na maji au wadudu. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wanapenda taa, usiweke boksi chini ya taa ya ukuta, utakuta limejaa maiti zao na mijusi imehamia kula.

Umelipia mega 200, ukipima unapata 94

Hii naipenda kwasababu inajieleza yenyewe. Spidi ikigonga 93, 94, 95 kila unapopima na haivuki hata saa nane usiku, hiyo sio kampuni inakubania, ni waya wako wa neti unaongea lugha ya zamani ya mega 100. Kebo ya neti ina nyuzi nane, jozi nne. Mega 100 inatumia jozi mbili tu, giga 1 inataka zote nne. Uzi mmoja ukikatika au ukibanwa vibaya kwenye kichwa, vifaa vinaelewana kimyakimya vinashuka mpaka 100, intaneti inapatikana, taa inawaka, hakuna anayekuambia kitu.

Na hapa nakiri dhambi. Miaka ya nyuma nilikuwa najifanya mjanja, kwenye nyumba moja Nyegezi nilivuta kebo moja ya neti, jozi mbili nikazipeleka kwenye kompyuta na jozi mbili kwenye simu ya mezani, mwenye nyumba akanisifia nimemwokolea hela. Faiba ilivyokuja nikaitwa, nikafungua soketi nikaona kazi ya mikono yangu, nikaifunga na kwenda kununua kebo nyingine kwa hela yangu, sikumwambia. Sasa anajua kama anasoma hapa.

Cha kufanya, fungua vichwa vyote viwili uangalie mpangilio. Wengi tunatumia wa B, kuanzia kushoto klipu ikiwa nyuma, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili zifanane. Kosa la mafundi wengi ni kupanga kwa macho, chungwa zote, kijani zote, bluu zote, kahawia zote, inaonekana imenyooka kabisa, kumbe jozi ya kijani imetakiwa kutenganishwa na ya bluu katikati. Kakipimo kadogo ka taa nane kanakusaidia kuona uzi uliokatika, ila hako hakaoni jozi zilizochanganywa hivyo, kataonyesha taa zote safi na neti itasumbua, kwahiyo tumia macho pia. Na usifumue msokoto wa jozi zaidi ya sentimita moja na nusu hivi, ule msokoto ndo kinga yake.

Kingine ni kebo yenyewe. Madukani pale mjini utaambiwa Cat6 (daraja la kebo ya neti) orijino, boksi limeandikwa Cat6 kubwa, na ndani ni aluminiamu iliyopakwa kopa juu. Chukua wembe ukwangue uzi, ukiona fedha chini ya rangi ya kopa umepigwa. Inafanya kazi kwenye mita kumi, ukipeleka mita sitini kwenye kamera ya getini inayokula umeme humohumo kwenye kebo, kamera inazima usiku taa zake zikiwaka. Na uzi wa aluminiamu ukiukunja mara mbili tatu kwenye soketi unakatika. Cat5e ya kopa tupu inatosha giga 1 kwa mita 100, mi bora hiyo kuliko Cat6 ya uongo.

Sebuleni moto, chumbani hamna kitu

Ukiwa karibu na rauta unapata yote, ukiingia chumbani inaganda. Hapa ndo maandalizi ya nyumba yanapoonekana au yanapokosekana. Watu wengi wanaacha ONT ikae pale waya ulipoingilia, yani kona ya nyumba iliyo karibu na nguzo, ukuta wa mwisho kabisa, nusu ya waifai inawahudumia majirani na kuku. Kama unajenga leta bomba la faiba mpaka katikati ya nyumba, koridoni kwa juu ni pazuri, weka na soketi ya umeme hapohapo maana watu wanasahau soketi, wanaishia na ekstensheni tatu zimeungana.

Tofali za block na nguzo za zege zinakula waifai, slabu ya ghorofa ndo kabisa imejaa nondo, na kioo kikubwa cha kabati la nguo kinairudisha kama mpira. Jipsamu haina neno. Ila usiipandishe rauta juu ya dari, chini ya bati saa saba mchana huku kuna joto la kuoka mkate, vifaa vingi hivi vimetengenezwa kwa joto la mwisho nyuzi 40, itakuwa inazima mchana inarudi usiku utafikiri inamwogopa jua.

Kama una nyumba ya kuta nyingi usinunue vile vidude vya kuchomeka ukutani vya kurudufisha waifai, vingi vinagawa spidi nusu kwa nusu. Vuta kebo ya kopa mpaka chumba cha mbali, weka rauta ya pili. Na simu ikikaa kwenye mawimbi ya waifai ya 2.4 GHz wakati umelipia mega 100 ukapata 30 usishangae, 2.4 inafika mbali ila ni nyembamba na mtaa mzima uko humo, ile ya 5 GHz ni pana ila ukuta mmoja inachoka. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, hizo haziingiliani.

Baadhi wanapata, baadhi hawapati

Umechomeka rauta ya pili, sasa simu ya mama inapata, ya baba imeandika imeunganishwa bila intaneti. Karibu kila mara ni rauta mbili zote zinagawa anwani (namba ya kila kifaa kwenye mtandao), na mara nyingi zote zinajiita 192.168.1.1. Ni kama nyumba yenye mabosi wawili. Ya pili izimie ugawaji wa anwani, iipe namba nyingine mfano 192.168.1.2, na kebo uichomeke kwenye tundu la kawaida la LAN, sio lile la WAN la kuingizia intaneti. Na kama nyumba nzima imeganda ghafla baada ya kupanga waya, angalia kama hujachomeka kebo ncha zote mbili kwenye swichi moja ya neti (kile kiboksi cha kuongeza matundu ya kebo), mtoto anafanya hivyo akiona tundu liko wazi.

Inajizima na kujiwasha

Adapta. Angalia adapta kabla ya yote. Mtu kahamisha kachukua ya king'amuzi, zote kichwa kimoja, ila moja ni volti 12 ampea 1 na kifaa kinataka ampea 2, inawaka vizuri ila simu zikiwa nyingi inazidiwa inajizima. Au ni volti 9. Soma kibandiko cha kifaa na cha adapta, volti zifanane kabisa, ampea za adapta ziwe sawa au zaidi, na mchoro wa chanya na hasi ufanane.

Kwa kukatika umeme, hii nzuri mjue, mtandao wa faiba wa mtaani unagawanywa na vigawanyi vya kioo visivyotumia umeme kabisa, kwahiyo TANESCO wakikata mtaa wako, faiba mara nyingi bado iko hai, kilichokufa ni rauta yako. Nunua yupiesi (betri ya akiba) ndogo ya volti 12. Ila hesabu mwenyewe usidanganywe na namba ya boksi, betri ya mAh 8,800 ni ya volti 3.7, hiyo ni kama wati-saa 32, toa zinazopotea zinabaki 27 hivi, ONT na rauta vikila wati 10 utapata saa mbili na nusu na kidogo. Muuzaji atakwambia siku nzima.

Radi imepita

Ziwa letu lina radi nyingi na nyingi zinakuja usiku. Watu wanafikiri faiba ndo imeleta radi ndani. Kioo hakileti. Inayoleta ni kile chuma cha kubebea waya kikiingizwa mpaka ndani, hakitakiwi, kinakatwa nje na kufungwa ukutani, uzi wa kioo tu ndo unaingia. Inaleta pia njia ya umeme, na zaidi ya zote kebo ya kopa iliyotandazwa nje kutoka nyumba kubwa kwenda nyumba ya uani. Nilikuta nyumba radi ilipiga jirani tu, swichi imekufa, matundu ya LAN ya ONT yamekufa yote, TV imekufa, na taa ya PON inawaka kijani kama hakuna kilichotokea. Mita arobaini za kopa juu ya mawe, zimekaa kama antena. Nyumba na nyumba unganisha kwa faiba na vigeuzi viwili vya kioo kwenda kopa, bei yake kwa sasa haitishi kama zamani. Eathi ya nyumba nayo ipimwe, huku kwenye jiwe fimbo ya eathi watu wanaigonga nusu mita inakataa wanaikata juu, inabaki mapambo.

Taa zote kijani, intaneti hamna

Chomeka kompyuta kwa kebo moja kwa moja kwenye ONT, waifai izime, jaribu. Ikipatikana tatizo ni rauta au waifai yako. Isipopatikana angalia kama umelipia, sio aibu. Ikipatikana ila ni mbovu jioni tu kuanzia saa moja mpaka saa nne, nyaya zako hazina kosa, mstari mmoja wa mtaani wa giga 2.5 unaweza kugawanywa nyumba 32 au 64 na wote mnaangalia mpira. Na kuna siku tatizo liko mbali kuliko hata Dar, kama Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilivyopata hitilafu na nchi nzima ikasota, siku hiyo kuna mteja alinipigia mara nne nije nimkagulie soketi, nikamwambia mzee hata nikibomoa nyumba yako haitarudi, akasema njoo tu uangalie. Nilienda. Soketi ilikuwa nzima, ila nilimkuta kafungia rauta kwenye kabati.